Nukta, Wimbi na Duara

Karatasi tisa zilitandazwa juu ya meza ya Mwalimu wa Taaluma kama dagaa walioanikwa, nami nikaambiwa nisimame karibu na dirisha nizitazame. Mwalimu Tesha, ndiye aliyekuwa Mwalimu wa Taaluma wakati ule, alishika kalamu nyekundu. Pembeni yake alikaa Mwalimu Mbonde wa Baiolojia, anakuna kiganja kama mtu mwenye upele.

"Mama, hivi vidude vya pembeni ni nini?"

Nikainama. Nilivijua hata kabla sijainama. Nukta. Kimstari cha wimbi. Kiduara. Karatasi zote tisa, swali la kwanza, pale pale kwenye sukari: wimbi, halafu duara limelizunguka.

"Ni alama za kufikiria, Mwalimu."

"Za kufikiria!" Akamgeukia mwenzake. "Mbonde, umesikia? Siku hizi kufikiria kuna alama zake." Kisha akanirudia. "Nani kawafundisha?"

"Mie."

Akaandika. Nilidhani nimejibu swali, kumbe nimekiri kosa. Wale wanafunzi tisa walikuwa wamepangwa barazani, na Zuhura, binti wa Buguruni, akaingiza kichwa dirishani bila woga.

"Mama, waambie! K ilikuwa nyekundu! Si ilikuwa nyekundu kweli, jamani?"

"We binti, toka hapo," Mwalimu Tesha akamwambia. "Umeiba, halafu na mdomo unao."

Hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Nyie mnaoingia maabara leo na makoti yenu meupe mtaambiwa Mama Iodini alistaafu. Sikustaafu. Nilitolewa. Nina miaka hamsini na mbili, elimu yangu ni darasa la saba, na haya nayaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo yakipinda mnisamehe. Lakini inabidi nirudi nyuma, maana mtu asiyejua zile alama zilitoka wapi atadhani alivyodhani Mwalimu Tesha.

Nilianzia sekondari moja ya Temeke. Nilikwenda kuomba kazi ya kufagia, nikakuta wafagiaji wametosha, nikapelekwa maabara. Mhudumu wa maabara, kwa wasioijua kazi hiyo, ni yule anayeosha vyombo, anachanganya dawa, anapanga meza kabla wanafunzi hawajaingia, na anayeondoka wa mwisho. Mwalimu ndiye anafundisha. Wewe unahakikisha kinachofundishwa kipo mezani.

Mkuu wa Maabara alikuwa Madam Kaijage, mama wa Kihaya, mfupi, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, hakuniuliza hata jina. Akaweka chupa mbili mbele yangu, zote hazina karatasi ya jina.

"Moja ni maji. Ipi?"

Nikanyoosha kidole. "Hii."

"Umejuaje?"

"Nimeona, Madam."

"Umeona nini?"

"Maji."

"Hukuona maji, mwanangu. Umeona kitu kisicho na rangi ndani ya chupa. Maji umeyawaza mwenyewe." Akavuta kipande cha khanga chakavu tulichokuwa tunafutia meza, akadondosha tone moja kutoka ile chupa niliyoiita maji. Khanga ikawa nyeusi, ikatoboka, bila moto wowote. "Asidi. Ungenawia uso hii."

Nilitaka kurudi nyumbani siku ileile. Yeye akacheka, akanipa chaki. Akanionyesha jinsi alivyokuwa anaweka alama kwenye kila chupa ya kabati lake. Nukta maana yake nimepima mwenyewe, najua kilichomo. Wimbi maana yake nadhani tu, au nimeambiwa. Duara kuzunguka wimbi maana yake nilirudi, nikapima, sasa najua.

"Wimbi halina aibu," alikuwaga ananiambia. "Mimi nina miaka mingi humu na nina mawimbi kabati zima. Nitakayemfukuza ni yule anayeweka nukta kwa kubahatisha."

Nilikaa naye miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha dawa zote. Iodini, ya kahawia, ukiidondosha kwenye wanga inageuka bluu inayokaribia weusi. Kwa kuwa vidole vyangu havikuwahi kutakata iodini, wanafunzi wakanipa lile jina. Benedicti, ya bluu, inatafuta sukari: unaipasha moto pamoja na chakula kilichosagwa, na sukari ya aina ya glukosi ikiwemo, bluu inapita kijani, njano, mpaka inafika rangi ya tofali. Ila sukari hii ya chai ni jeuri. Ukiipasha na Benedicti inakaa bluu vilevile. Mpaka kwanza uichemshe na asidi, uipooze, uiue asidi kwa magadi, ndipo inakubali kuwa nyekundu. Yashikeni hayo mawili, maana msiba wangu wote uko hapo katikati.

Kule Temeke nilipata mchezo wangu: kuwaangalia watoto wakifikiri. Mwalimu anaangalia majibu, mie niliye pembeni na ndoo yangu niliangalia nyuso. Nikagundua anayemaliza wa kwanza mara nyingi hakufikiri, alikumbuka. Na yule ambaye darasa linamwona mzito, anayesimama katikati ya swali, akakunja uso, akarudi juu kusoma tena, huyo ndiye anakuja kutoboa. Nilimwambia Madam Kaijage. Akasema, "Basi una macho. Wengi humu wana vyeti tu."

Madam alipostaafu, tena yeye kwa keki na zawadi ya vitenge, mie nikahamishiwa Goba, shule iliyo juu ya kilima. Mkuu wa Shule wa kule alikuwa mtu mwema mwenye tabia moja mbaya: alipenda wageni. Maabara haikuwa na maji wala dawa, lakini wageni wakija niliambiwa nijaze chupa maji ya rangi za keki na kuzipanga kwenye meza zikameta.

"Mkuu, zile si dawa," nilimwambia.

"Mama, mgeni hali dawa. Anaangalia tu."

Wanafunzi wa Goba walisoma majaribio ubaoni. Walijua kuwa Benedicti inakuwa nyekundu kama mtu anavyojua jina la rais wa nchi ya mbali. Niliwahurumia sana, na pale ndipo nilipoitoa alama ya chaki kwenye chupa nikaipeleka kwenye karatasi. Sikuwa na dawa ya kuwapa, ila maswali ya zamani yalikuwepo. Nikawaambia: soma swali la baiolojia, lolote, la mimea, la damu, la kurithi. Pale unapojua kwa sababu unayoweza kuisema, weka nukta. Unapobahatisha, weka wimbi. Ukimaliza usiinuke. Rudi kwenye mawimbi peke yake. Jiulize, nimejuaje? Ukipata sababu, au ukibadilisha jibu, zungushia duara.

Walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu binti mmoja akaniletea karatasi yenye mawimbi matupu, analia. "Mama, mbona mie sijui kitu?" Nikamkumbatia. Nikamwambia leo ndiyo umeanza kusoma, maana jana ulikuwa hujui na hujui kama hujui.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa Chanika. Shule mpya, maabara yenye bomba linalotoa maji, na bodi ya shule ikanipa mkataba. Nilidhani nimefika peponi. Mwalimu Mbonde alikuwa kijana msafi, mcheshi, shati limepigwa pasi, tena siku ya kwanza aliniambia, "Mama Iodini, nimesikia sifa zako. Wewe niendeshee practical, mimi nitamalizia silabasi." Nilimpenda, nasema ukweli. Niliwahi kumletea mihogo ya shambani kwangu.

Na niliwapenda wale watoto. Kila siku baada ya vipindi walibaki nami wachache kujifunza zile alama, wakafika tisa. Festo, kwa mfano, mtoto wa katekista, alikuwa na ugonjwa wa kuandika rangi kabla hajaiona. Siku moja nikafunika testityubu yake kwa kitambaa.

"Festo, umepata rangi gani?"

"Ya tofali, Mama. Safi kabisa."

Nikafunua. Bluu. Wenzake wakaanza kujichekea.

"Ilikuwa inaelekea, Mama."

"Inaelekeaje? Taa ya spiriti hujaiwasha!"

Walicheka mpaka wakashika meza, na toka siku ile mtu akibahatisha wenzake walimwambia, "We Festo, washa taa kwanza." Festo mwenyewe alikuja kuwa wa kwanza kuweka wimbi bila kuona haya.

Zuhura alikuwa kitu kingine. Baba yake ana duka Buguruni, ukoo wa Waarabu waliokaa pale toka zamani, na kila asubuhi binti alitoka huko mpaka Chanika kwa sababu ndugu wa mama yake alikuwa karani pale shuleni. Zuhura alifikiri kwa mdomo. Midomo inacheza, sauti haitoki. Walimu walimgombeza wakidhani anaongea na jirani. Mie nilisogea siku moja nikasikiliza. Alikuwa anagombana na nafsi yake: "Wanga upo. Nani kasema? Iodini imekuwa nyeusi. Nyeusi au chafu? Ngoja. Rudia." Nilisimama na ndoo yangu nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani.

"Unaongea na nani?" nikamuuliza.

"Na yule Zuhura mwingine, Mama. Huyo mbishi."

"Usimfukuze."

Sasa ikafika moku, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne unaotungwa palepale shuleni. Swali la kwanza la baiolojia lilikuwa lilelile la kila mwaka: mwanafunzi anapewa mchanganyiko unaoitwa K, apime vyakula vilivyomo. Na K ya Mwalimu Mbonde ilikuwa ileile: uji mwepesi wa ngano, ute wa yai, sukari ya chai. Shule nzima iliijua. Kaka anamwachia mdogo wake majibu kama anavyomwachia sare.

Asubuhi ya mtihani naandaa K, nakuta kopo la sukari walimu wamelimalizia kwenye chai. Nikamwambia Mwalimu Mbonde. Akatoka, akarudi na pakiti, ameshaikata, anainyunyiza kwenye bakuli. Unga laini, mweupe, si chenga.

"Mwalimu, hii si ndiyo ile wanayopewa wagonjwa?"

"Mama, sukari ni sukari. Koroga, watoto wako mlangoni."

Nikakoroga. Hilo ndilo kosa langu na nalisema kabla sijasema la mtu mwingine. Mie niliyewafundisha watoto kuuliza "umejuaje?" sikumuuliza mwalimu mwenye digrii mara ya pili. Nilifanya kitu kimoja tu. Kwenye daftari la maandalizi, ambalo kila mhudumu anaandika alichochanganya siku ya mtihani, niliandika ngano, nukta, yai, nukta, sukari, pakiti ya Mwalimu Mbonde, wimbi. Nilinuia kuipima nikipata nafasi. Sikuipata.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na wanafunzi arobaini na watatu. Nilikuwa napita kuongeza spiriti kwenye taa, nikaona Benedicti za watu zinabadilika mapema mno. Nyekundu, bila asidi. Nikamwona Festo anaitazama testityubu yake, anaitazama karatasi, anaandika wimbi, anaosha nyingine, anarudia kupima. Nikaona midomo ya Zuhura inacheza mbio kama cherehani. Wale tisa wangu walikuwa wanajua jibu la kila mwaka. Walijua linatakiwa kuwa bluu. Na wakaona nyekundu. Wakarudi, wakapima tena, wakapata nyekundu tena, wakazungusha duara, wakaandika walichokiona.

Wale thelathini na wanne waliona nyekundu hiyohiyo na wakaandika bluu.

Mtihani ulipoisha nilifanya kazi yangu. Nikakusanya testityubu zote, nikazipanga kwenye vibao vyake, na nikaona kwa macho haya kuwa zote za Benedicti ya kwanza, ile ya kabla ya asidi, za watoto wote, zilikuwa na rangi ya tofali. Halafu nikafungua bomba nikaziosha, moja moja, kwa brashi, mpaka zikang'aa. Ndiyo mazoea yangu ya maisha yote. Chombo kichafu hakilali. Ushahidi wa watoto wangu niliumwaga kwenye karo kwa mkono huu.

Siku tatu baadaye ndipo nikaitwa kwenye ile meza. Watoto tisa wametofautiana na darasa zima, tena wote kwa jibu moja, tena wana alama moja pembeni mahali pamoja. Mwalimu Tesha alikuwa na hesabu yake imetimia: mhudumu aliyechanganya K amewapenyezea, na zile ni alama za siri.

"Wamepenyezewa jibu la makosa?" nikamuuliza. "Mwizi gani anaiba jibu lisilompa alama?"

"Ulichanganya vibaya, ukawaambia ulichochanganya."

"Mwalimu, ile pakiti aliileta Mwalimu Mbonde. Mwalimu, sema. Si ulileta pakiti?"

Nilimgeukia. Jamani, nilikuwa na hakika atasema. Mwalimu Mbonde aliacha kukuna kiganja, akaangalia saa ya ukutani.

"Mimi nilileta sukari," akasema. "Vipimo alipima yeye."

Mkuu wa Shule, Madam Mwasota, alisaini barua ya kuniachisha kazi bila kunisikiliza, wala sikupewa nafasi ya kwenda kuchukua daftari la maandalizi. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo, "Mama, umri nao. Pumzika." Kesho yake wale tisa walisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima, wakafutiwa ile moku. Na kwenye vyeti vyao vya kumaliza shule, pale panapoandikwa tabia, Mwalimu Tesha akaandika neno moja: udanganyifu.

Basi, nilirudi nyumbani kwangu hapa Chanika. Nina matuta ya mchicha na bamia. Nimezoea kuyaangalia yale majani kama nilivyoangalia nyuso, lakini mchicha haukunji uso ukirudia swali. Ninaowakumbuka ni wale watoto. Festo yuko kwao, anaimba kwaya, akinikuta njiani ananiita "Mama, taa nimewasha," tunacheka, halafu kila mtu anashika njia yake. Mtihani wa taifa walifaulu wote tisa, tena baiolojia ndiyo waliyofaulu zaidi. Zuhura akaomba chuo cha maabara ya hospitali. Alama zikakubaliwa. Walipofika kwenye cheti cha tabia, wakamrudishia mafaili yake.

Nilikwenda kumwona Buguruni. Nilimkuta dukani kwa baba yake, amejifunga mtandio, anapima sukari kwenye mzani. Aliponiona akaruka kaunta.

"Shikamoo Mama! Baba, njoo, ndiye yule Mama Iodini!"

Mzee akatoka, akanikaribisha kahawa, akaniambia, "Binti yangu huyu hapa, mama. Sukari anaijua kuliko mimi." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Zuhura akanishika mkono akanipeleka kwenye rafu. Akachukua pakiti moja, akaimimina kidogo kiganjani. Unga laini, mweupe, si chenga.

"Mama, ni hii?"

Nikauchota kwa kidole. Nikaulamba. "Ndiyo hiihii."

"Glukosi," akasema. Midomo yake ikacheza kidogo bila sauti, kisha akasema, "Yule Zuhura mbishi amekuwa kimya siku nyingi, Mama. Naogopa ameondoka."

Ndiyo maana naandika.

Nyie vijana mlio kwenye maabara zetu, nimewaeleza kazi ilivyokuwa. Osheni vyombo, lakini mtazame kwanza. Mtoto akirudi nyuma kwenye swali msimharakishe. Na wewe unayefanya kazi leo pale Chanika, sikujui jina, nakuomba: fungua kabati la tatu, rafu ya chini, nyuma ya masanduku ya slaidi. Kuna lile daftari la maandalizi, la jalada gumu. Tafuta ukurasa wa moku. Utaona ngano, utaona yai, utaona sukari na jina la aliyeileta, na pembeni yake wimbi. Halina duara. Mie sikurudi kupima, na hilo nitaulizwa kwa Mungu.

Lakini duara lile si langu peke yangu. Madam Mwasota, ulisaini kitu ambacho hukukipima. Mwalimu Tesha, uliweka nukta kwa kubahatisha, juu ya watoto tisa, kwa wino usiofutika. Tisa hao bado wako hai, vyeti vinaweza kuandikwa upya, na nataka uviandike. Na wewe Mwalimu Mbonde, uliyekula mihogo yangu, nasikia sasa umepandishwa cheo. Nakuuliza mbele ya watu wote wanaosoma hapa lile swali ambalo asubuhi ile sikulirudia: ndani ya pakiti ile kulikuwa na nini, na ulijuaje?